Miti Miwili Isiyo Ndugu: Somo la Matunda kutoka Segese



Vijana wenzangu wapendwa, leo naomba tusome pamoja Mathayo 7:15-20. Kama Biblia yako ina vitabu vyote, fungua pia Yoshua bin Sira 27:4-7. Soma taratibu, halafu rudi hapa. Nitakusubiri.

Umesoma? Haya, tuendelee.

Mimi ni mtu wa Segese, kule Msalala upande wa Kahama, ukanda uleule wa Bulyanhulu na Geita. Kwetu ni mpunga, ng'ombe na dhahabu, na siku hizi dhahabu ndiyo inayosikika zaidi. Siku moja baada ya kikao cha VIWAWA, padre wetu alitoa simu akatuonyesha picha ya kanisa jeupe zuri ajabu, linaitwa San Xavier del Bac, liko Arizona huko Marekani. Wenzangu walikuwa wanaangalia minara. Mimi niliangalia nyuma ya kanisa, kwenye kilima. Kulikuwa na miti mirefu ya kijani, haina majani, imenyoosha mikono juu kama watu wanaosali Baba Yetu.

Nikasema, "Padre, kumbe hata Wamarekani wana miti yetu! Si hii ipo kwenye kichuguu karibu na kwa bibi?"

Wote wakaangalia, wote wakakubali. Ni ileile. Padre akacheka akasema, "Hapana. Hii hapa matunda yake yanaliwa. Ule wa kwa bibi yako, jaribu uone."

Sikuwa na haja ya kujaribu. Nilishajaribu nikiwa na miaka tisa.

Boma la bibi limezungushiwa minyaa, kama maboma mengi ya Usukumani. Minyaa ile yenye vijiti vyembamba kama vidole kila mtu anaijua. Lakini pale kwenye kichuguu kuna ndugu yake mkubwa, mti mnene wenye shina la kawaida chini, na juu matawi mengi yaliyosimama wima, yana kona kona na miiba. Wataalamu wanauita Euphorbia candelabrum, maana yake ule wa kinara cha mishumaa, na kweli ukiuangalia jioni jua likiwa nyuma yake unakumbuka vinara vya altare. Unaweza kufika mita 12 na kupita. Sisi watoto tulikuwa tunaupiga mawe ili utoe maziwa. Siku hiyo jiwe langu lilipiga vizuri mno, tawi likakatika, maziwa yakaniruka jichoni.

Sitaki kuwatisha, ila nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani nimeumwa na nyoka. Bibi alinilaza chali akanimwagia maji jichoni ndoo nzima, akatuma mtu achote nyingine, halafu nikapelekwa zahanati. Siku mbili sikuona kwa jicho lile. (Likikupata, fanya hivyohivyo: maji safi mengi, haraka, halafu hospitali. Usilifikiche.) Maziwa ya jamii hii ya mimea yanachoma ngozi, yanaweza kupofusha, na watu wa kale waliyatumia kulevya samaki mtoni. Hata asali haisalimiki. Huko Afrika Kusini nyuki wakila maua ya baadhi ya mimea ya ukoo huu, asali yake inachoma koo kama pilipili. Asali, jamani!

Sasa turudi kwenye picha ya padre. Mti ule wa Arizona unaitwa saguaro, wenyewe wanatamka "sawaro". Ni kaktasi. Unaota katika Jangwa la Sonora, Arizona na kaskazini mwa Meksiko. Nao una urefu wa mita 12 au zaidi, mikono juu, miiba, mistari mistari kwenye shina. Ukiuweka karibu na ule wa kwa bibi ungesema mapacha. Kumbe si ndugu kabisa. Kaktasi asili yake ni bara la Amerika, isipokuwa aina moja tu, Rhipsalis baccifera, ambayo inapatikana pia huku Afrika, nayo inaning'inia kwenye miti ya msituni kama nyuzi, wala haifanani na hizi. Ukoo wa mnyaa ni mwingine. Kilichowafananisha ni shida. Jua kali na ukame vimewafinyanga wote wawili kwa namna moja: acha majani yasipoteze maji, weka akiba ya maji kwenye shina, ota miiba wasikule.

Nilipoelewa hivyo nilishtuka kidogo, nawaambia ukweli. Maana yake shida ikiwa kali, vitu viwili visivyo na undugu wowote vinaweza kuvaa sura moja. Na sisi vijana wa machimboni tunaishi kwenye ukame wa aina hiyo. Huna ajira, mtaji huna, nyumbani wanakutazama. Katika hali hiyo tumaini la kweli na tumaini la uongo yanasimama kilima kimoja, yote yameinua mikono juu kama yanasali.

Unayatofautishaje? Kwa macho ya mbali huwezi. Ukisogea karibu unaona miiba ya kinara imepangwa miwili miwili kwenye kona za tawi, wakati ya saguaro inatoka mingi kwa pamoja kwenye kidoa kimoja chenye manyoya. Maua ya kinara ni madogo ya njano, ya saguaro ni makubwa meupe, yanafunguka usiku na kesho yake mchana yanafunga. Lakini mtu mwenye njaa hapimi miiba. Anauliza swali moja tu, lile alilotufundisha Bwana: matunda yake je?

Matunda ya saguaro yanaiva kati ya mwezi wa 6 na wa 7, kipindi cha joto kali kabla mvua zao hazijaanza. Ganda linapasuka, ndani ni mekundu kama damu, matamu, yana mbegu nyeusi ndogo zinazofika 2,000 katika tunda moja. Wenyeji wa pale, Watohono O'odham, wanayavuna kwa fito ndefu kama ngoeko zetu za kuangulia maembe, na fito zenyewe zinatoka kwenye mbavu za saguaro iliyokufa. Wanakula, wanachemsha kupata sharubati nzito, na mavuno hayo ndiyo mwanzo wa mwaka wao. Wakichuma tunda la kwanza wanashukuru. Maganda wanayaacha chini, upande mwekundu ukitazama mbinguni, kuomba mvua. Sikutegemea kwamba habari za kaktasi zingenifanya nitamani kushukuru kabla ya kula embe.

Kwa nini kanisa liko pale? Kwa sababu ya Padri Eusebio Francisco Kino, Mjesuiti aliyezaliwa mwaka 1645 karibu na Trento, Italia. Alifika eneo lile mwaka 1687, akaanzisha misioni ya Bac mwaka 1692, akafa mwaka 1711 akiwa bado misionari. Aliwaletea watu ng'ombe na ngano. Na sisi wa ukanda wa dhahabu tulisikie hili: alipinga wenyeji kulazimishwa kufanya kazi katika migodi ya wakoloni wa Kihispania. Mwaka 2020 Baba Mtakatifu Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa. Kanisa jeupe la kwenye picha lilijengwa baadaye, kuanzia mwaka 1783 hadi 1797.

Lakini ninayemhitaji zaidi katika somo hili ni mwanzilishi wa Wajesuiti wenyewe, Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Kabla sijamfikia, ngoja niwaambie jambo langu, bila hilo somo hili litakuwa maneno tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunza hazina wa vijana wa kigango chetu. Tulikuwa kumi na wanane. Tulifyatua tofali, tukavuna mpunga wa watu kwa vibarua, lengo letu kununua kinanda cha kwaya. Tulifikisha shilingi 860,000. Hela ilikuwa kwangu, daftari kwangu.

Akaja kaka mmoja mgeni machimboni. Sitamtaja jina. Kijana nadhifu, rozari shingoni, anasali jumuiya bila kukosa, na akiongoza sala ya waamini unasikia raha. Baada ya mwezi mmoja akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, kuna duara mimi na wenzangu tunashusha. Mwamba umeshaonekana, tumepungukiwa hela ya matimba na mafuta ya pampu tu. Mungu anataka vijana wake wawe vichwa siyo mikia. Weka hiyo hela wiki sita, kwaya itapata kinanda na spika juu."

Nikaweka. Sikumuuliza mtu.

Mnaujua mwisho. Mvua zilikuja, duara likajaa maji, yeye akasikia dhahabu imelipuka sehemu nyingine, akaondoka usiku. Simu haikupatikana tena.

Kwa muda mrefu niliposimulia habari hii nilimwita yeye mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, kama Injili inavyosema, na mimi kondoo. Siyo kweli. Labda yeye mwenyewe aliamini kuna dhahabu, wangapi wanaamini? Mti wa maziwa siku hiyo ulikuwa umeota ndani yangu. Na matunda yake nilikuwa ninayaona tangu usiku wa kwanza.

Hapa ndipo Inyasi anapoingia. Mwaka 1521 alikuwa askari, mzinga ukamvunja mguu huko Pamplona. Akiwa kitandani akingoja kupona, akawa na ndoto za aina mbili. Ndoto ya kwanza: vita, sifa, kumpendeza binti wa heshima. Ya pili, baada ya kusoma maisha ya Kristo na ya watakatifu: kuishi kama Fransisko, kama Dominiko. Zote mbili zilimfurahisha! Sehemu hii wengi tunairuka. Wakati anaziwaza, utamu ulikuwa uleule, zimefanana kama miti yetu miwili. Tofauti ilikuja baadaye. Ya kwanza ikishapita ilimwacha mkavu na mwenye uchungu. Ya pili ilipita, na furaha ikabaki. Ndipo akaanza kuangalia mawazo yake yanaishia wapi, na baadaye katika Mazoezi ya Kiroho akafundisha tuchunguze mwanzo, katikati na mwisho wa wazo. Wazo linaweza kuanza na kitu kitakatifu (kinanda cha kwaya!) likamalizikia pabaya.

Nikirudi nyuma sasa naona. Usiku niliotoa hela nilifurahi kama saa moja hivi. Baadaye sikulala. Kesho yake nililihamisha daftari kutoka mezani nikaliweka chini ya godoro. Hakuna aliyeniambia nilifiche. Mwenyekiti wa vijana alipouliza, "Hela zetu ziko salama?" nilijibu "Ziko salama" haraka sana. Nikaanza kukwepa kitubio, kila Jumamosi nina udhuru. Na jumuiya nilipokuwa nasali nilikuwa nasali kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwanzo.

Ona orodha ile ya Wagalatia 5:22-23. Kanisa katika Katekisimu, namba 1832, linataja matunda kumi na mawili ya Roho Mtakatifu, upendo, furaha, amani na mengine. Mimi wiki ya kwanza tayari amani ilishaondoka, na duara bado lilikuwa kavu, hata mvua hazijaanza. Sikuhitaji kungoja wiki sita kujua mti huo ni upi.

Kwa hiyo mtu akikuletea jambo zuri, ndiyo, mchunguze yeye. Lakini jichunguze wewe pia umeanza kuficha nini. Umeanza kumkwepa nani? Wazo la Mungu linaweza kukuogopesha, kweli (Mama Bikira Maria naye alifadhaika), ila halikufanyi ulale juu ya daftari.

Kuna mtu ataniuliza: mbona kuna matunda matamu yanayodhuru? Swali zuri. Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, wana mpungate, kaktasi halisi iliyoletwa kutoka Amerika. Tunda lake ni tamu, mbuzi wanalipenda. Lina vimiiba vidogo kama nywele ambavyo vinabaki kwenye ulimi na utumbo wa mnyama, vinamwumiza siku nyingi, na mmea wenyewe unameza malisho. Utamu wa mdomoni peke yake haujawa jibu, na hicho ndicho Inyasi alichogundua akiwa kitandani. Tunda unalipima baada ya kumeza.

Na kitu cha mwisho kuhusu saguaro, ambacho kwangu mimi kilikuwa kigumu kukubali. Unajua unachukua muda gani kuzaa? Miaka minane ya kwanza unaweza kuwa na kimo cha sentimita tatu au nne tu. Fupi kuliko kidole changu! Unatoa maua ya kwanza ukiwa na miaka kama 35. Mkono wa kwanza miaka 50, 70, penye ukame zaidi hata 100. Unaweza kuishi miaka 150 na zaidi. Na mche wake hauponi juani peke yake. Mara nyingi unaota chini ya kivuli cha mti mwingine, mti mlezi, unaoukinga na jua la mchana na baridi ya usiku mpaka upate nguvu. Mmojawapo wa walezi hao ni binamu wa mathenge, ule mti unaowasumbua wafugaji wa Baringo. Kwa hiyo mti unaolaumiwa huku, jamaa yake kule analea.

Mimi nilitaka kinanda kwa wiki sita.

Nilipoungama, niliondolewa dhambi, na nikakumbushwa wajibu wa kurudisha. Someni Katekisimu namba 2412, iko wazi: haki iliyovunjwa inadai fidia. Kisha nikasimama mbele ya wenzangu kumi na saba. Sitaeleza ile siku. Dada mmoja alilia, yeye ndiye alikuwa anabeba tofali nyingi kuliko wanaume.

Kazi nikaitafuta, na aliyenipa ni mzee mmoja mwenye karasha la kusagia mawe. Huyu mzee mimi nilikuwa nimemhukumu siku nyingi. Sigara haitoki mdomoni, matusi ndiyo salamu yake, kanisani anaonekana Krismasi na Pasaka, na Pasaka nyingine hatumwoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikamweleza yote bila kuficha. Akavuta sigara yake mpaka ikaisha. Akasema, "Utabeba mifuko. Nusu ya hela yako hutaishika. Nitampa mwenyekiti wenu mimi mwenyewe kila Jumamosi, maana wewe mkono wako bado una homa."

Miezi kumi na minne. Hakukosa Jumamosi hata moja. Siku nilipougua malaria akapeleka tu hela, na nilipouliza kwa nini wakati sikufanya kazi, alinitukana. Vumbi la karasha lilinifundisha uvumilivu kuliko semina zote nilizohudhuria. Nikiwa pale ndipo nilipoelewa Luka 13:6-9, yule mkulima anayeombea mtini mwaka mmoja zaidi, apalilie, aweke mbolea. Mzee hakuniambia neno moja la dini. Alinikalisha kivulini.

Simsifii kwamba ni mtakatifu, msinielewe vibaya. Matusi yake ni dhambi na mapafu yake yanamdai. Wala sisemi dhahabu ni mbaya, yeye anaishi kwa dhahabu na mimi nilimlipa kila mtu kwa dhahabu. Minyaa nayo ni ua bora kabisa, ng'ombe wa bibi hawajawahi kuibwa. Tatizo ni mtu anapotaka kuila.

Wiki hii, kama mko kwenye kikundi au peke yako, jaribu hivi. Kila jioni dakika kumi, kabla ya kuchukua simu. Chukua jambo moja unalolitaka sana sasa hivi: kazi, mchumba, safari, biashara, hata wito. Kumbuka mara ya mwisho ulipoliwaza, na uandike lilikuacha vipi baada ya saa moja, si wakati ule unaliwaza. Andika pia ni nani usingependa asome ulichoandika. Fanya siku saba bila kuamua chochote. Siku ya saba mpelekee mlezi wako au padre hilo daftari. Usilihamishie chini ya godoro.

Kinanda tulinunua, kilichotumika tayari, kutoka Kahama. Kilipigwa mara ya kwanza Dominika ya Matawi. Tukiwa katikati ya wimbo wa shukrani niliangalia dirishani nikamwona mzee wa karasha amesimama nje ya ua wa minyaa na sigara yake, hakuingia. Baada ya Misa nilimkimbilia nikamwuliza amekisikiaje.

"Kinakwaruza," akasema. "Mmepigwa bei."

Dominika iliyofuata alikuwepo tena, palepale nje ya ua.